Mantiki Haina Mwenyewe

Mjadala ukipamba moto, na mmoja wa wanaojadiliana akajiona amebanwa asipate pa kutokea, aghalabu hukimbilia kauli moja ambayo imekuwa ngao ya kila mtu: "Hiyo ni mantiki yako, mimi nina yangu." Kauli hii ina sura ya adabu na uvumilivu, kwa kuwa humwonyesha msemaji kama mtu anayempa kila mwenziwe ruhusa ya kufikiri apendavyo, na kwa sababu hiyo wasikilizaji huipokea kwa ridhaa, majilisi ikavunjika bila ya mshindi wala mshinde. Walakini ndani yake limo swali zito ambalo wanazuoni wameligombania kwa zaidi ya miaka 1000, nalo ni hili: je, kanuni za mantiki ni kitu kilichosimama chenyewe, kinachowafunga watu wote sawasawa, wapende wasipende, au ni desturi tu ya taifa fulani, ya lugha fulani, au hata ya kichwa cha mtu mmoja? Nia ya makala haya ni kulifungua swali hilo kwa msomaji asiyekuwa na haja ya kuisoma elimu ya mantiki darasani, na kumwonyesha kwamba katika kila hoja yamo mengi ambayo kweli hutegemea mtazamo wa mtu, ila ile hatua ya kutoka kwenye misingi ya hoja hata kuifikia natija yake haimo katika hayo.

Kwanza yatupasa kujua mantiki inadai nini, kwani wengi huishutumu kwa madai ambayo haijapata kuyatoa. Mantiki haisemi kwamba bei ya karafuu itapanda, wala kwamba fulani ni mwizi, wala kwamba kesho itanyesha mvua. Habari za namna hiyo hutafutwa kwa macho, kwa masikio, kwa ushahidi na kwa elimu nyinginezo. Kazi ya mantiki ni kuuliza jambo moja tu: ikiwa habari fulani tumekwisha kuzikubali, ambazo ndizo misingi ya hoja, je, ile habari nyingine inayotolewa humo, ambayo ndiyo natija, inalazimika kuwa kweli pamoja nazo, au yawezekana misingi ikawa kweli na natija ikawa uongo?

Tuseme mtu ametoa hoja hii: kila nahodha ni baharia, Salim si nahodha, kwa hiyo Salim si baharia. Msikilizaji asiye makini huweza kuipitisha, hasa ikiwa anamjua Salim kuwa ni mkulima asiyepata kukanyaga chombo, kwa sababu misingi yote miwili ni kweli na natija pia ni kweli. Lakini mwanamantiki huyaondoa majina yaliyomo akabakisha umbo tupu, kisha akalijaza umbo lile lile kwa majina mengine: kila mbuzi ni mnyama, ng'ombe si mbuzi, kwa hiyo ng'ombe si mnyama. Hapa misingi ni kweli kabisa na natija ni uongo mtupu, na papo hapo umbo lote limekwisha kuanguka, kwani umbo linaloweza kumtoa mtu katika ukweli likamtia katika uongo halina amana, hata siku linapoangukia natija ya kweli kwa bahati. Na tuangalie kwamba katika jaribio hili hapakuulizwa msemaji ni nani, wala kabila lake, wala rai yake. Aliyekulia baharini na aliyekulia machungani wote wawili wanashindwa na ng'ombe yule mmoja.

Shaka kubwa juu ya dai hili ililetwa mbele ya watu mjini Baghdad katika karne ya 10, katika mjadala ambao wengi wanauweka mwaka 932, na ambao habari zake tunazo kwa sababu mwandishi Abu Hayyan al-Tawhidi alizihifadhi katika kitabu chake kiitwacho al-Imta' wa-l-Mu'anasa. Zama hizo vitabu vya Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani, vilikuwa vikifasiriwa kwa Kiarabu, na miongoni mwa wafasiri mashuhuri alikuwamo Abu Bishr Matta bin Yunus, Mkristo wa madhehebu ya Nestori, aliyehesabiwa kuwa bingwa wa mantiki katika mji ule. Waziri Ibn al-Furat, katika majilisi iliyojaa maulamaa na watu wa daraja, akauliza ni nani atakayemkabili Matta, ambaye alikuwa akidai kwamba hapana njia ya kupambanua haki na batili, wala ukweli na uongo, ila kwa mantiki. Watu wakainamisha vichwa; hatimaye akajitokeza Abu Said al-Sirafi, mwanazuoni wa nahau aliyekiandikia sherehe ndefu kitabu cha nahau cha Sibawayhi, ambaye asili yake ni Siraf, ile bandari ya Ghuba ya Uajemi ambayo vyombo vyake vilikuwa vikifika hata pwani hii yetu ya Afrika ya Mashariki.

Matta alieleza kwamba mantiki ni chombo cha kupambanulia maneno yaliyo sahihi na yaliyoharibika, akaifananisha na mizani ambayo kwayo mtu hujua kilichozidi na kilichopungua. Al-Sirafi hakuikataa mizani. Alimwuliza tu, ukisha kuujua uzito wa kitu, ni nani atakayekujulisha kama kilichopimwa ni chuma, au dhahabu, au shaba? Tena akamkumbusha kwamba si kila kitu hupimwa kwa mizani, kwani viko vinavyopimwa kwa kibaba na viko vinavyopimwa kwa dhiraa. Kisha akagonga penyewe: ikiwa mantiki iliwekwa na mtu mmoja wa Uyunani, kwa lugha ya watu wake na kwa istilahi walizozoeana wao kwa wao, kwa nini Waturuki, Wahindi, Waajemi na Waarabu walazimike kuifanya kadhi wao? Matta akajibu kwamba mantiki hushughulika na maana zinazofahamiwa kwa akili, na katika hizo watu wote ni sawa, kwani nne na nne ni nane kwa kila taifa. Jibu hilo lilikuwa jema, lakini mpinzani wake alisema kwamba lau mambo yote yanayotafutwa kwa akili yangalikuwa na ubainifu wa nne na nne, hitilafu zingalikwisha. Na juu ya hayo akamwaibisha kwa kumwonyesha kwamba yeye mwenyewe Kiyunani hakijui, na kwamba vitabu anavyovitegemea vilipita kwanza katika Kisiria ndipo vikafika katika Kiarabu.

Pigo lililomkwamisha Matta lilikuja kwa suala dogo. Al-Sirafi alimwuliza kama inafaa kusema kwamba Zaid ni mbora wa ndugu, naye akasema yafaa. Akamwuliza kama inafaa kusema kwamba Zaid ni mbora wa ndugu zake, naye akasema hiyo pia yafaa. Akamtaka aeleze tafauti baina ya kauli mbili hizo, na Matta akashindwa. Hapo mwananahau akafafanua kwamba kauli ya kwanza ni sahihi na ya pili ni batili, kwa sababu ndugu za Zaid ni watu wengine wasiokuwa Zaid. Mtu akiuliza ndugu za Zaid ni akina nani, haiwezekani kumhesabu Zaid miongoni mwao, na asiyekuwamo katika kundi hawezi kuwa mbora wa kundi hilo, kama vile punda wa mtu, awe hodari namna gani, hawezi kuitwa mbora wa mabaghala, maana punda si baghala. Wenye majilisi wakapendezwa, na mantiki ikahesabiwa kuwa imeshindwa na nahau.

Lakini tuipime hoja hiyo kwa utulivu, kwani ndani yake limo jambo ambalo furaha ya majilisi iliwazuia watu wasilione. Ukiivua mapambo, imebaki hivi: kila aliye mbora wa kundi ni mmoja wa kundi hilo, Zaid si mmoja wa kundi la ndugu zake, kwa hiyo Zaid si mbora wa ndugu zake. Hili ni umbo lililo kamili na salama, mojawapo ya yale ambayo Aristotle alikwisha kuyapanga zaidi ya karne 12 kabla ya siku ile. Msomaji ataona kwamba linashabihiana sana na lile umbo la nahodha tulilolivunja hapo juu, na kwamba tafauti yao ni mahali pa kukanusha tu: kule tulimkana Salim unahodha tukataka kumvua ubaharia, hapa Zaid amekanwa kuwa mmoja wa kundi ndipo akavuliwa ubora wake, la kwanza ni batili na la pili ni sahihi, na hakuna awezaye kuyabadilishana, awe Mwarabu au Myunani. Alichokileta al-Sirafi kutoka katika nahau ni kile kipande cha kati tu, yaani kwamba katika Kiarabu fasaha maneno "ndugu zake" humtoa mwenyewe nje. Kipande hicho kweli ni cha lugha: kwetu sisi mtu akisema Zaid ni mbora wa ndugu zake hueleweka bila ya taabu kwamba Zaid amehesabiwa pamoja nao. Lakini msingi ukisha kukubaliwa, hatua ya kwenda kwenye natija haikuwa ya Kiarabu wala ya Kiyunani, na mtu aliyesimama kuikana mantiki aliipata nusura kwa mantiki.

Haya si kumdharau al-Sirafi, kwani katika suala la dhahabu na shaba alikuwa na haki kabisa, na watu wa mantiki walifahamu kwamba sharti wamjibu. Yahya bin Adi akaandika risala ya kupambanua baina ya elimu mbili hizo, mantiki na nahau, na al-Farabi, katika kitabu chake cha kuzihesabu elimu, akaweka mpaka ambao mpaka leo haujang'olewa: nahau hutoa kanuni za lafudhi za taifa moja, na mantiki hutoa kanuni zinazozishirikisha lafudhi za mataifa yote. Takriban karne mbili baada ya mjadala ule, Imamu al-Ghazali, ambaye hakuna awezaye kumtuhumu kwa kuwapendelea wanafalsafa, aliitanguliza mantiki mwanzoni mwa kitabu chake cha usuli wa sheria, al-Mustasfa, akasema kwamba asiyeidhibiti, elimu yake haina wa kuiamini. Na katika kitabu kingine, al-Qistas al-Mustaqim, akaonyesha kwamba mizani za hoja zimo ndani ya Kurani yenyewe. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliwarudi wanamantiki kwa kitabu kikubwa, lakini naye aliwarudi kwa kutoa hoja, kwa kuleta mifano ya kuvunja kauli zao, na kwa kuwaonyesha walipojipinga wenyewe.

Swali hilo lilirejea katika karne ya 20 kwa vazi jingine, pale wataalamu wa Ulaya walipoanza kuzichunguza fikra za watu wa mbali nao, na baadhi yao wakadai kwamba wako wanadamu ambao akili zao hazifuati mantiki. Mwaka 1931 na mwaka 1932 mwanasaikolojia wa Kirusi, Alexander Luria, alikwenda Uzbekistan akawauliza wakulima wasiojua kusoma masuala ya namna hii: kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe, Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali na theluji ipo daima, je, dubu wa huko wana rangi gani? Wako waliokataa kujibu, wakasema kwamba kila nchi ina wanyama wake, kwamba wao wamepata kumwona dubu mweusi tu, na kwamba hawasemi habari za kitu wasichokiona. Mtu mwenye haraka angesema hawa hawana mantiki, au wanayo yao ya kienyeji. Lakini sikiliza walivyokataa: asiyekiona kitu hakisemei, sisi dubu wa huko hatukuwaona, kwa hiyo hatuwasemei. Natija imefuata misingi bila ya kombo hata kidogo. Walichokikataa ni msingi wa yule mgeni, ambaye hawakumjua wala hawakuwa na sababu ya kumwamini kuhusu dubu, na kumkatalia mtu msingi wake ni haki ya kila mwenye akili.

Jambo la namna hiyo alilieleza mwanaanthropolojia Evans-Pritchard katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya Wazande, wakazi wa Sudan ya Kusini na nchi za jirani, Kongo ikiwamo. Wazande waliamini kwamba uchawi ni kitu kilichomo mwilini, ambacho mwana wa kiume hukirithi kwa baba yake. Kwa hiyo mtu mmoja akithibitika kuwa mchawi, ingelazimu kwamba wanaume wote wa ukoo wake ni wachawi, na natija hiyo Wazande hawakuikubali. Wengi wamezisoma habari hizo wakasema kwamba hapo ndipo mantiki ya Mwafrika ilipoachana na ya Mzungu. Ukweli ni kwamba Wazande waliuona mvuto wa hoja ile, na walipotaka kuikwepa hawakusema kwamba kwao natija haifuati misingi, bali waliirekebisha misingi: walisema kwamba uchawi wa mtu huweza kuwa baridi, umelala usiudhuru umma, au kwamba yule aliyethibitika hakuwa mwana halali wa ukoo. Hivi ndivyo afanyavyo mwanasayansi anapoona nadharia yake inamfikisha pabaya, na hivi ndivyo mantiki inavyomtaka kila mtu afanye: ukiikataa natija, ama onyesha kombo katika hatua, ama toa msingi mmoja.

Wako wanaosema kwamba ushahidi wa kuwa mantiki ni ya mtu binafsi ni makosa mengi ambayo watu huyafanya. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Peter Wason wa London aliwapa watu jaribio ambalo limekuwa mashuhuri: zimewekwa karata nne mezani, kila moja ina herufi upande mmoja na tarakimu upande wa pili, na zinaonekana, mathalan, A, D, 4 na 7, umeambiwa kwamba kila yenye irabu upande mmoja ina tarakimu shufwa upande wa pili, ni zipi za kugeuza ili kujua kama kauli hiyo ni kweli? Wengi huchagua A na 4, au A peke yake. Jawabu ni A na 7, kwani 7 ikigeuzwa ikaonekana irabu nyuma yake, kauli imevunjika, ilhali 4 hata ikiwa na herufi yoyote nyuma yake haivunji kitu. Waliopata jawabu hilo hawakuzidi mmoja katika kila kumi. Na ajabu ni kwamba swali lenye umbo lile lile, likivikwa sura ya jambo la kila siku, kama kumkagua anywaye pombe ilhali umri wake haujafika, watu wengi hulipatia bila ya shida.

Basi hapa mazoea na mtazamo vina nguvu kubwa, lakini nguvu yao ni katika kumrahisishia mtu kuiona njia au kumfichia. Lau mantiki ingekuwa ni rai ya watu, jawabu la wengi lingekuwa ndilo jawabu sahihi, wala tusingekuwa na haki ya kusema kwamba wamekosea. Ilhali wengi wa waliokosea, wakionyeshwa karata ya 7 kwa taratibu, hukiri wenyewe. Mjerumani Gottlob Frege alilisisitiza jambo hili mwishoni mwa karne ya 19, akionya kwamba kanuni za kuwa kweli ni kitu kimoja, na kanuni za jinsi watu wanavyodhania mambo kuwa kweli ni kitu kingine. Za pili huchunguzwa kwa kuwatazama watu, na za kwanza hazibadiliki hata watu wote wakilala.

Limebaki pingamizi moja ambalo kwa insafu siwezi kulipita, nalo latoka kwa wanamantiki wenyewe. Mdachi L. E. J. Brouwer, katika maandishi yake ya mwaka 1908, alikataa kwamba kila kauli ni ama kweli ama uongo pasipo la tatu. Namba ile inayoitwa pai ina tarakimu zisizokwisha. Je, iko sehemu ambayo tarakimu 9 inafuatana mara 100? Mantiki ya kale husema: ama iko ama haiko, ijapokuwa hatujui. Brouwer husema: mpaka apatikane mtu wa kuionyesha, au ithibitike kwamba haiwezekani, huna haki ya kudai hata hilo la "ama". Naye Jan Łukasiewicz wa Poland, mwaka 1920, akitafakari lile swali la Aristotle la vita vya baharini vitakavyokuwa au visiwe kesho, aliunda mantiki yenye daraja tatu: kweli, uongo, na kinachowezekana. Ikiwa mafundi wenyewe wanahitilafiana, je, haya si mantiki yangu na mantiki yako?

La. Angalia jinsi wanavyohitilafiana. Hakuna kati yao anayesema kwamba natija hufuata kwa sababu yeye ameipenda. Kila mmoja ameziandika kanuni zake hadharani, na zikisha kuandikwa, yeye mwenyewe hana amri tena juu ya kinachozifuata, na mpinzani wake huweza kumhesabia kila hatua akamwonyesha alipoteleza. Tena hitilafu hiyo ina mipaka inayojulikana, kwani mwaka 1933 mwanamantiki Kurt Gödel alithibitisha kwamba hesabu ya namba nzima iliyojengwa kwa mantiki ya kale, kauli zake zikiandikwa upya kwa namna maalumu, huingia yote ndani ya mantiki ya Brouwer. Wanachogombania ni maana ya kusema "kweli": je, ni kuwapo kwa jambo, au ni kuwapo kwa ithibati yake? Hilo ni suala zito la falsafa, na huenda likakaa muda mrefu bila ya hukumu, lakini ni suala linalojadiliwa kwa ithibati zinazoonekana na pande zote mbili.

Ama yule anayekwenda mbali zaidi, akasema kwamba hata kanuni ya kuwa kitu hakiwezi kuwa na kutokuwa, kwa wakati mmoja na kwa upande mmoja, ni mtazamo tu, Aristotle alikwisha kumwekea mtego mwepesi. Usimpe ithibati, alishauri. Mtake aseme neno moja lenye maana. Akisema, amekwisha kukubali kwamba neno lake lina maana hii na si kinyume chake. Asiposema, hakuna wa kujadiliana naye. Naye akauliza: mtu huyo akitaka kwenda mji wa Megara, kwa nini hushika njia badala ya kukaa nyumbani, na akikutana na kisima, kwa nini hujihadhari asitumbukie?

Sasa tuugawe urithi kwa haki. Mtazamo wa mtu una sehemu yake kubwa: nini akione na nini kimpite, nani amwamini, neno alichukue kwa maana gani, na lipi kati ya mambo mawili mema alitangulize. Ndugu wawili wana karafuu ghalani. Mmoja ataka ziuzwe leo, kwani ngojangoja huumiza matumbo. Wa pili ataka wasubiri, kwani haraka haraka haina baraka. Mpita njia atadhani kwamba kila mmoja ana mantiki yake, maana hata methali zimegawanyika. Lakini wakae chini, watasema: wa kwanza anaamini kwamba bei itashuka, na tena ana deni linalomkaba, wa pili anaamini kwamba bei itapanda, na hana haja ya fedha leo. Mpe wa kwanza misingi ya wa pili, naye atasema tusubiri. Hitilafu yao ni ya habari na ya haja, nayo humalizwa kwa kuulizia bei sokoni na kwa kusaidiana deni.

Kwa hiyo hoja isiyompendeza mtu ina milango mitatu ya kuijibu, na kila mmoja una funguo zake. Ukiona msingi si kweli, dai ushahidi. Ukiona neno limetumika kwa maana mbili, fanya kama al-Sirafi, uliza kilichomo mizanini ni dhahabu au shaba. Ukiona hatua haifuati, lete mfano mmoja wenye umbo lile lile ambao misingi yake ni kweli na natija yake ni uongo. Asiyeweza kupita katika mlango wowote kati ya hiyo amekwisha kuifikia natija, ijapokuwa moyo unaikataa.

Na hili si jambo la wanazuoni peke yao. Watu wengi wanaosema kwamba mantiki ni ya kila mtu na mtazamo wake hufanya hivyo kwa nia njema, wakidhani kwamba wanamtetea mnyonge asikandamizwe na akili za wakubwa, lakini wanamnyang'anya silaha. Mwenye madaraka hana haja kubwa ya mantiki, kwa kuwa ana amri. Mwenye mali ana fedha zake. Majilisi yenye watu wengi ina sauti zao. Mwanafunzi mbele ya mwalimu, mshitakiwa mbele ya hakimu, na mwanakijiji mbele ya mkubwa wa wilaya hawana ila hoja, na nguvu ya hoja hiyo ni kwamba sheria inayoihukumu haikutungwa na yule wanayehojiana naye.